Rekoda ya Zoom H1n kwenye majaribio ya wanamuziki: inamaliza ubishi na watu wa "mimi naijua yote"

Nianze na jibu kabisa kwa ambaye hana muda wa kusoma yote, hii rekoda ndogo ya Zoom H1n naipa nyota nne kati ya tano, na kama wewe ni kiongozi wa bendi na unatafuta mpiga solo au mwimbaji wa kuziba pengo, inunue kabla hujawaambia watu kwamba una nafasi. Wengi wanaisifia kama rekoda ya waandishi wa habari na watu wa podikasti, ya kufanyia mahojiano na kurekodi mihadhara, na huko inafanya kazi vizuri tu, lakini mimi nataka niiongelee kwa kazi ambayo sijaona mtu akiiongelea, yaani kukaa na mwanamuziki anayejiamini kupita uwezo wake na mkamalizana bila kugombana.

Sisi ni bendi ya Dar, tunapiga dansi, zilipendwa, rumba, harusi na send-off nyingi, hoteli mara mojamoja. Bendi za aina hii watu wanaingia na kutoka, na hilo halijaanza leo, mzee wetu Muhidin Gurumo (Mungu amrehemu) alitoka Juwata (ndo hiyohiyo Msondo) mwaka 1978 akawa mmoja wa waanzilishi wa Mlimani Park (ndo Sikinde), mwaka 1985 akatoka tena akaenda kuongoza Safari Sound, baadae akarudi kulekule Msondo, na kote alikopita muziki ulisimama. Kwahiyo mimi sina shida na mtu anayehama hama bendi. Shida yangu ni kwamba ukitangaza nafasi moja ya mpiga gitaa wanakuja watu wengi na wote kwa mdomo wanajua, hakuna hata mmoja atakwambia "mimi rumba bado sijaiweza vizuri". Unamuuliza unapiga nyimbo za aina gani anakujibu "kaka wewe taja yoyote", unamuuliza umeshapiga na nani anakutajia majina makubwa matupu, alafu unampa gitaa.

Niseme hapa mapema nisije nikaeleweka vibaya, kujiamini nakutaka. Steji inataka mtu anayejiamini, ukiwa mwoga watu wakianza kukuangalia vidole vinaganda, na harusi yenye watu 400 haina huruma na mtu anayetetemeka. Muziki wa dansi wenyewe umekulia kwenye majigambo, Msondo na Sikinde wamerushiana vijembe miaka na miaka na mashabiki wao mpaka leo wanabishana nani mkali, na hiyo ndo raha yake. Lakini wale wazee walikuwa wanajigamba huku kazi ipo. Ninayemuongelea mimi ni yule ambaye kujiamini kwake kumemziba masikio, hasikii alichopiga, hasikii wenzake wanapiga nini, na ukimwambia anaona unamuonea wivu.

Bila rekoda mambo yanaenda hivi, na kiongozi yeyote wa bendi atakuwa ameshayaona. Mtu anapiga wimbo, anaukimbiza, ukiisha unamwambia kwa upole "ndugu yangu tumemaliza haraka kuliko tulivyoanza", anageuka anamwangalia mpiga dramu. Mpiga dramu anasema sio mimi. Mwimbaji anasema mimi nilikuwa nafuata gitaa. Mpiga besi kanyamaza kwasababu hapendi makelele. Basi hapo kila mtu ana lake, muziki umeshapita hewani hauwezi kurudi kutoa ushahidi, na mwisho wa siku unatumia cheo chako kusema hapana, na yule mtu anatoka pale anaenda kuwaambia watu kijiweni kwamba bendi fulani ina majungu, wanaogopa watu wenye vipaji. Mji huu mdogo kwa wanamuziki, maneno ya hivo yanakufikia baada ya siku mbili tatu yakiwa yameongezwa chumvi, na wengine wazuri ambao wangekuja hawaji tena.

Rekoda inabadilisha hayo yote kwa sababu moja, hamuongelei tena nani anasema kweli, mnakaa chini mnasikiliza. Na hapo kwenye kusikiliza ndo nilipogundua kitu ambacho kimebadilisha kabisa namna yangu ya kuchagua watu. Mimi saivi sichagui mtu kwa alichopiga mara ya kwanza. Namchagua kwa anachosema akishajisikia.

Nitoe mfano mmoja. Tulikuwa tunatafuta mpiga solo. Sasa dansi letu kwa wasiolijua vizuri lina magitaa yanayosukana, kuna rhythm inayoshikilia msingi, kuna second solo katikati, na kuna solo yenyewe juu, na besi inatembea chini, kila gitaa lina nafasi yake na lina mahali pa kunyamaza. Mwanzo wa wimbo wakati mwimbaji anaeleza kisa chake solo inatakiwa iwe inaweka vineno vidogo vidogo tu kwenye mapengo, kazi kubwa inakuja baadae kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya watu kucheza, huko ndo unaachiwa uwanja. Akaja jamaa mmoja mtu mzima kidogo, ana gitaa zuri, ana begi la efekti, anaongea na wewe kama yeye ndo anakufanyia wewe usaili. Tukampa rumba ya taratibu, mapigo kama 96 kwa dakika. Vidole anavyo, hilo sibishi, ana spidi ambayo wengi hawana. Lakini kuanzia ubeti wa kwanza amejaza kila mahali, mwimbaji akivuta pumzi yeye yupo, mwimbaji akiimba yeye yupo, second solo wetu akawa hana pa kuingia mpaka akaacha kupiga akabaki ameshika gitaa tu. Na wimbo ukawa unapanda, unapanda, tulivyofika mwisho ulikuwa kwenye 110 na kitu, nilipima kwa programu ya simu ile ya kugonga kidole.

Nikawasha rekoda tukasikiliza wote kupitia spika ya chumba cha mazoezi. Nilikuwa namwangalia uso. Kwenye dakika ya pili hivi ukisikiliza unamsikia mwimbaji anapandisha sauti kabisa ili apate kusikika juu ya gitaa, yaani inaonekana wazi mtu anapigania nafasi kwenye wimbo wake mwenyewe. Ilipoisha nikauliza swali ninalowauliza wote, "kaka umesikiaje?" Akasema rekoda imeweka gitaa juu sana. Nikasema sawa, na kwenye spidi je? Akasema dramu ilikuwa inamvuta. Nikamwambia tupige tena, safari hii mpiga dramu aweke metronomu sikioni, ile inayogonga mapigo kwa spidi moja. Tukapiga, tukasikiliza, gitaa linasikika kabisa linakaa mbele ya dramu, dramu imetulia palepale. Akasema sio kawaida yake kupiga na metronomu, muziki wa kweli hauna metronomu. Nikamshukuru, nikampa nauli, tukaagana kwa heshima, na mpaka leo tukikutana tunasalimiana vizuri, kwasababu mimi sijamwambia hata neno moja baya, alichokisikia amekisikia kwa masikio yake.

Baada ya yeye akaja dogo mmoja, huyu naye alikuja na maneno, tena mengi, alivyoingia tu anasema "kiongozi leo umepata". Akapiga, kwa kweli alipiga vibaya kuliko yule wa kwanza, chemko lilimshinda, mara mbili alipotea njia. Tukasikiliza. Dogo akanyamaza muda wote, ilipofika ubeti wa pili akaniomba nirudishe nyuma kidogo, akasikiliza tena palepale, akasema "kiongozi hapa nampigia mwimbaji juu yake, na kule kwenye chemko naingia kabla rhythm haijabadilika, naomba tupige tena". Tukapiga tena. Kosa la kwanza lote limeondoka, la pili limebaki nusu. Huyo ndo niliyemchukua na yupo mpaka leo. Maneno yake bado mengi vilevile, kwenye steji anajitamba mpaka watu wanacheka, lakini masikio yanafanya kazi na hiyo ndo tofauti yote. Mtu anayejiamini na anasikia unaweza kumfundisha chochote. Anayejiamini na hasikii, hata awe na vidole vya dhahabu utateseka nae, na watakaoteseka zaidi ni wale wapole kwenye bendi, second solo, muitikiaji, mpiga tumba, ambao ndo wanabeba muziki wako kimyakimya, na hao wakichoka huwa hawasemi, wanaondoka tu.

Alafu nimejifunza kuwa mara nyingi sio jeuri. Watu kweli hawajisikii na kuna sababu za kawaida kabisa. Mwimbaji sauti yake anaisikia kwa njia mbili, moja inapita hewani kama sisi tunavyoisikia na nyingine inapita kwenye mifupa ya kichwa chake mwenyewe, na hii ya mifupa inaongeza uzito wa chini, ndo maana mtu akisikia sauti yake kwenye rekodi anashtuka anasema "hii sio mimi". Sasa mtu ambaye ameimba miaka kumi bila kujirekodi ana sauti kichwani ambayo hakuna mwingine duniani amewahi kuisikia. Mpiga gitaa naye amplifaya yake ipo miguuni, sauti kali ya gitaa inapita kwenye magoti yake, anaona haisikiki vizuri anaongeza, kumbe aliyekaa mbele inampasua masikio. Na kichwa kikiwa kimejaa kazi ya vidole na kukumbuka mpangilio wa wimbo hakibakizi nafasi kubwa ya kusikiliza. Kwahiyo yule anayekwambia "mimi nipo sawa" anaweza kuwa anasema kweli kwa anavyosikia yeye, na kumwita muongo ni kumkosea. Mpe nafasi ajisikie kwanza.

Waimbaji ndo wagumu zaidi kwenye hili na inabidi uwe na busara, maana gitaa ni chombo lakini sauti ni mtu mwenyewe, ukimwambia sauti yako inashuka umemgusa yeye. Alikuja dada mmoja mwenye sauti nzuri mno, kubwa, ya kutikisa ukumbi, ila kila akishikilia noti ndefu mwishoni inateremka kidogo, na hajui, na wote waliomsikia huko nyuma walimsifia tu kwasababu sauti ni kubwa. Alikuwa anataka mwangwi mwingi kwenye maiki. Nikamwambia dada tuimbe mara moja bila mwangwi wowote, na rekoda ipo. Hii H1n ina kitu cha kupunguza spidi ya kusikiliza mpaka nusu bila kushusha ki (noti zinabaki palepale), ni ya kusaidia watu wanaoandika mahojiano nafikiri, lakini kwa mwimbaji ni dawa, ile noti ndefu ikipunguzwa spidi unaisikia inavyotoka juu inateleza inakaa chini ya kinanda. Tulisikiliza wawili tu, wengine niliwaambia watoke nje wakanywe maji. Akasikiliza, akarudia, machozi yakamlenga lenga, akasema "kwanini hakuna mtu aliyeniambia". Nikamwambia pumzi tu hiyo, inafundishika. Kama una majaribio ya waimbaji fanya hivohivo, usimsikilizishe mwimbaji makosa yake mbele ya bendi nzima siku ya kwanza.

Wapiga kinanda ni habari fupi. Wengi wanatokea kanisani na wana masikio mazuri sana, nawaheshimu, ila wapo ambao wanapiga ki (key) moja tu maisha yao yote na zingine wanaminya kitufe cha transpozi, kile kinachohamisha noti zote chenyewe. Rekoda hapa haikusaidii, inasikika vizuri tu. Wewe katikati ya wimbo mwambie mwimbaji apandishe nusu ki bila kusimama, utajua palepale.

Sasa nije kwenye kifaa chenyewe na namna ya kukitumia maana ukikiweka vibaya kitakudanganya na utamuonea mtu.

H1n ilitoka mwaka 2018, ni ndogo, inaingia mfuko wa shati, inatumia betri mbili za AAA ambazo zinaenda kama masaa kumi ukitumia alkaline nzuri, na kadi ya microSD mpaka GB 32. Juu ina maiki mbili zimepishana kwa nyuzi 90 kwahiyo unapata stereo ya kweli, kushoto na kulia, unamsikia nani alikaa wapi. Inarekodi WAV mpaka bit 24 na 96 kHz, au MP3 kama unataka faili jepesi. Mimi kwa majaribio naweka WAV ya bit 16 na 44.1, inakula kama MB 635 kwa saa, kwahiyo kadi ya GB 32 inabeba kama masaa 50, hautakaa uijaze kwa siku moja.

Zingatia kwanza hiki kitufe cha auto level, kizime. Watu wanakiwasha kwasababu kinarahisisha, lakini kinachofanya ni kupandisha sauti ndogo na kushusha sauti kubwa ili vyote viwe sawa, sasa wewe unatafuta kujua nani anapiga kelele kuliko wenzake alafu mashine inamfichia. Mtu anayepiga kelele kuliko aliyemtangulia akisikilizwa kwenye rekodi ya auto level anaonekana mpole. Kizime, alafu tumia lile duara la namba la mbele kuweka kiwango kwa mkono, waambie wapige kile kipande chenye nguvu kuliko vyote, weka mpaka kilele kiwe kama dB -12, alafu usiguse tena mpaka mtu wa mwisho, ili wote wapimwe kwa kipimo kimoja. Limita, ile inayozuia sauti isipite kiwango, unaweza kuiacha imewashwa kwa ajili ya ile ngoma ya ghafla.

Lo cut, ile ya kukata sauti za chini, nayo iache imezimwa kama unamsikiliza mpiga besi. Ukiiweka kwenye 80 Hz unakata chini ya hapo, na waya mzito wa besi ukiachwa wazi unatoa kama 41 Hz, kwahiyo unakuwa umemkata mtu miguu alafu unamwambia mbona husimami.

Pa kuiweka ni suala lingine. Maiki zake zinavumilia mpaka dB 120, ukiiweka pembeni ya dramu au mbele ya amplifaya sauti itapasuka. Sisi tunaifunga kwenye stendi, nyuma ina tundu la skrubu ya kawaida ya tripodi, urefu wa kichwa cha mtu, upande wa pili wa chumba pale ambapo msikilizaji angekaa. Na hapo ndo napenda sana kazi yake, kwasababu ukiwa na maiki mbili tu mahali pamoja hakuna kuchanganya baadae, hakuna kusema mtu wa mitambo atanishusha, uwiano wa vyombo ni jinsi mlivyopiga. Bendi zetu za zamani zilipokuwa zinaingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi zilikuwa zinapiga wote kwa pamoja, waimbaji na magitaa na matarumbeta chumba kimoja, mmoja akikosea mnarudia wote. Sikiliza zile rekodi uone solo inavyojua kukaa pembeni mwimbaji akiingia. Ile haikufanywa na mashine, ni watu waliokuwa wanasikilizana. Nikimwekea kijana rekodi moja ya zamani ya Mlimani Park alafu nikamwekea yake ya dakika tano zilizopita, kwa spika ileile, huwa sihitaji kuongea sana.

Usisikilizie kwenye kile kispika cha nyuma ya rekoda. Kipo kwa ajili ya kuhakikisha tu kwamba imerekodi, besi hausikii kabisa, na mpiga besi akisikilizishwa hapo ana haki ya kulalamika. Ina tundu la 3.5 mm, chukua waya peleka kwenye mixa ya chumba, au hedifoni nzuri.

Kwa upande wa mapungufu, mwili wake ni plastiki na kama zilivyo rekoda za kushika mkononi ukiigusa guza wakati inarekodi inachukua ule mkwaruzo, ndo maana nasema stendi. Nje kwenye upepo lazima uivalishe sponji. Waya wake ni micro-USB, ile ya zamani. Na haina matundu ya XLR, kama unataka kuchomeka maiki za kawaida za bendi moja kwa moja basi hii sio yako, tafuta H4n Pro ambayo inayo mawili na ina metronomu na chombo cha kutyuni humohumo ndani. Hiyo nyota ya tano nimeinyima kwa ajili ya hilo la metronomu, kwa kazi yangu ningefurahi sana kuwa nayo ndani ya kifaa kilekile.

Lakini kuna mambo ambayo hayapo kwenye kitabu cha maelekezo na nayaona ni ya lazima kwa yeyote atakayenunua hii kitu kwa sababu ninayoisema. Mwambie mtu mapema kwamba mtarekodi na kwanini, siku unapompigia simu kumuita, sio anafika anakuta taa ya rekoda imeshawaka. Mwambie kwamba na bendi nayo inarekodiwa, tena tuanze sisi, tupige wimbo mmoja kabla yake tujisikilize mbele yake na tujikosoe wenyewe. Hii imesaidia kuliko chochote. Mtu mwenye majivuno akimuona kiongozi wa bendi anasema "hapa mimi nimechelewa kuingia" na mpiga besi wa miaka ishirini anasema "na mimi pale nimegonga noti ya pembeni", anaona kumbe hapa kukosea sio aibu, na wengine wanashuka palepale wanakuwa watu wazuri. Wapo waliokuja wamejaa upepo kwasababu walikotoka ukikubali kosa unakatwa posho, na ukimpa mtu mahali ambapo kukubali hakumgharimu unakuta ndani kuna mwanamuziki.

Na faili zao futeni. Asiyechaguliwa, mnafuta akiwa anaona, au mnampa nakala yake aondoke nayo. Kuna tabia mbaya imeingia ya kurusha kwenye magrupu ya WhatsApp vipande vya watu walioshindwa majaribio ili wachekwe, na hilo nalipinga kwa nguvu zote. Mtu amekuja kwako na gitaa lake, amepanda daladala mbili, amejiamini kupita kiasi sawa, lakini amekuja kutafuta riziki. Tukianza kuwacheka wapiga vyombo kwa rekodi za majaribio hakuna kijana atakayekubali tena kuwekewa rekoda mbele yake.

Bei, ilipotoka Marekani ilikuwa kama dola 120. Huku kwetu ukienda dukani jaribu kurekodi palepale na kusikiliza kabla hujalipa, na nunua kadi kutoka duka unaloliamini maana kadi feki zimejaa na inaweza kukata katikati ya wimbo. Mwaka 2024 Zoom walitoa H1essential ambayo ndo mrithi wake, hiyo inarekodi kwa bit 32 float, maana yake huhangaiki kabisa na kuweka kiwango, na waya wake ni USB-C. Kama unanunua mpya leo na hujawahi kutumia rekoda nenda na hiyo. Kama umepata H1n iliyotumika na ipo vizuri usisite, kwa kazi ya majaribio inatosha kabisa, na kile kitendo cha kukaa na kuweka kiwango kwa mkono kinakulazimisha wewe kiongozi usikilize bendi yako kabla hujaanza kumsikiliza mgeni.

Na ambaye hana hela ya yoyote kati ya hizo aanze na simu, kesho hiyohiyo, aiweke kwenye hali ya ndege isije ikaita, aiweke mbali na dramu, na ajue tu kwamba simu nyingi zinasawazisha sauti zenyewe kama ile auto level, kwahiyo kwenye suala la nani anapiga kwa nguvu asihukumu kwa simu. Kwenye spidi, kwenye ki, na kwenye nani anaingia juu ya nani, simu inatosha.